Waliorudi Rumonge

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, nchini Burundi. Jeshi likalipiza kisasi kwa mauaji ya kutisha, na maelfu wakakimbilia Tanzania. Huko walipewa pori, wakaligeuza mashamba: Ulyankulu, Katumba, kisha Mishamo.

Walizaa huko, wakazika huko, wakazoea Kiswahili.

Kuanzia 2008 zaidi ya 50,000 kati yao walirudi Burundi, na hapo ndipo uchungu ulipo. Mzee anasimama mbele ya michikichi aliyoipanda baba yake. Mwingine ndiye anayekata mikungu na kukamua mawese. Sheria ya ardhi ya 1986 ilimlinda aliyekaa miaka 30, na huyo naye mara nyingi alikuwa amenunua au amegawiwa na serikali, wala hakunyang'anya. Tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa 2006, iliwasihi wengi wagawane shamba. Asiye na pa kwenda alijengewa nyumba katika vijiji vya amani.

Watoto nao walipata tabu ya aina yao: walisoma kwa Kiswahili, darasani wakakuta Kirundi na Kifaransa. Sokoni Rumonge, hata hivyo, walieleweka tangu siku ya kwanza. Pale mwaloni ndagala huuzwa kwa Kiswahili.