Kamera Ilifika Olduvai Kabla ya Televisheni

Wale tuliobahatika kusoma historia shuleni tunakumbuka kwamba fuvu la Zinjanthropus lilionekana Olduvai, Tanganyika, tarehe 17 Julai 1959. Kitabu changu cha shule hakikusema kwamba siku ile Louis na Mary Leakey walikuwa wanamngoja mpiga picha. Des Bartlett alikuwa anakuja kupiga filamu ya kipindi cha televisheni cha Uingereza kilichoitwa On Safari, na wao hawakutaka kuanza kuchimba pale walipopanga kabla hajafika. Basi Louis amelala kambini na homa, Mary akatoka kuzungukazunguka na mbwa wake. Huko ndiko akaona mfupa umechomoza ardhini, na meno makubwa. Bartlett alipofika, wakachimba mbele ya kamera.

Yaani kamera yenyewe ni sehemu ya sababu fuvu lile kuonekana siku ile. Mimi jambo hili linanifurahisha kuliko fuvu.

Sasa tuangalie kitu kingine. Wakati filamu ile inapigwa, Louis aliamini mambo mawili: kwamba zamadamu yule ana umri wa miaka kama 600,000, na kwamba ndiye aliyetengeneza zana za mawe zilizokuwa pale. Mwaka 1961 wataalamu walipima majivu ya volkano ya Olduvai wakapata miaka 1,750,000, karibu mara tatu. Mwaka 1964 akatangazwa zamadamu mwingine, Homo habilis, ambaye mifupa yake ilitoka Olduvai hapo hapo, na zile zana akapewa yeye. Zinj akanyang'anywa ufundi wake kabisa. Lakini filamu iliyokwisha kupigwa haijui habari hizo. Inabaki na mawazo ya siku ile, hata ukiicheza leo usiku.

Na nani aliziangalia filamu hizi? Kenya ilipata televisheni mwaka 1962, Uganda 1963, Kongo 1966. Burundi ilisubiri mpaka 1984, Rwanda mpaka 1992, na Tanzania bara, mwenye Olduvai mwenyewe, mpaka 1994. Kwa hiyo mtoto wa London alimjua Zinj kwa picha miaka mingi kabla ya mtoto wa Karatu.

Sisi tunaotoka Kivu tuna mfano wetu wa karibu. Januari 1978 watu wa BBC walipanda milima ya Virunga upande wa Rwanda kupiga filamu ya Life on Earth, mfululizo wa sehemu 13 juu ya mageuko ya viumbe. David Attenborough alipangiwa kukaa karibu na sokwe wa milimani na kueleza kazi ya kidole gumba. Sokwe wakamjia wenyewe, watoto wao wakamchezea na kumlalia. Kamera haikunasa yote, maana mwongozaji alikuwa anabania mkanda kwa ajili ya yale maelezo ya kidole! Kilichonaswa kikaonyeshwa Uingereza mwaka 1979, dunia nzima ikakizungumzia. Wakulima wa viazi waliokaa chini ya mlima ule walikuwa na miaka 13 zaidi ya kungoja televisheni.

Wakati huo huo huko Ulaya na Marekani watu walianza kurekodi nyumbani kwa kaseti za VHS. Kaseti ya dakika 180 inameza sehemu tatu za Life on Earth, kwa hiyo mfululizo mzima unataka kaseti tano. Ukitaka isifutwe unavunja kile kipande kidogo cha plastiki cha pembeni. (Wajanja waliziba tundu kwa selotepu wakarekodi mpira juu yake.) Makampuni ya filamu yaliona huu ni wizi, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 17 Januari 1984 majaji watano dhidi ya wanne walisema mtu kurekodi kipindi ili akiangalie baadaye nyumbani kwake si kosa.

Mwaka huo huo wa 1984, mwezi wa nane, Kamoya Kimeu alikuwa hapa Turkana, Nariokotome, ng'ambo hii ya magharibi ya ziwa. Kamoya alikuwa Mkamba wa Ukambani aliyeanza na akina Leakey tangu Olduvai, na macho yake yalijulikana. Aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya kokoto zenye rangi ile ile. Kilichofuata ni karibu mifupa yote ya mtoto wa kiume aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita. Wengi wanamwita Mvulana wa Turkana.

Lakini Richard Leakey alikuwa ameshatoa mfululizo wake, The Making of Mankind, sehemu saba, BBC, mwaka 1981. Aliyerekodi mwaka ule akavunja plastiki na kutunza kaseti vizuri, ana hadithi ya mwanzo wa binadamu isiyokuwa na mtoto wa Nariokotome. Bado yuko ardhini.

Hapa Kakuma filamu hizi zinatufikia kwa flashi na kadi ya memori, na sauti ya mtafsiri juu yake. Nimeonyesha kadhaa kibandani, Jumapili kabla ya mpira. Siku moja watu walisimama wakatoka, mzee mmoja wa kanisa akiwa mbele, kwa sababu sauti ilisema binadamu alitoka kwa nyani. Nilirudisha nyuma nikasikiliza Kiingereza cha chini: mtangazaji alisema binadamu na nyani wana babu mmoja wa zamani sana. Mtafsiri alifupisha. Nilimfuata yule mzee nikamweleza. Akasema, hata hiyo mimi sikubali, lakini angalau sasa nakataa kitu kilichosemwa kweli. Tukanywa chai. Sauti ile ya makosa, lakini, imeshaingia kwenye simu sijui ngapi kutoka Kakuma One mpaka Kalobeyei, na hakuna wa kuirudisha.

Ndugu zetu wa mashirika wataelewa haraka, kwa sababu wao pia wanatupiga filamu. Vijana wa Sudan walioingia hapa mwaka 1992 wamerekodiwa sana. Kwenye mikanda ile wana miguu peku na kikombe cha plastiki mkononi, wanapanga foleni. Baadhi yao leo ni madaktari, wengine wana wajukuu. Mkanda haujui. Anayeuonyesha ofisini bila kutaja mwaka anawaonyesha wageni kambi ambayo haipo.

Kibandani kwetu sasa kila flashi ina kipande cha plasta juu yake: mwaka filamu ilipopigwa, na jina la aliyetafsiri. Tunazo nne za mageuko. The Making of Mankind tunazo sehemu mbili tu, na sauti inakatika. Mwenye zile nyingine, hata kwa kaseti, aje Jumapili kabla ya saa kumi. Mashine ya VHS ipo, inahitaji mpira mpya tu.