Msimamo bila Chama: Abdilatif Abdalla Gerezani

Waraka wa Kenya: Twendapi? wa mwaka 1968 aghalabu husomwa kama kauli ya KPU tu. Usomaji huo haujitoshelezi. Ni kweli kwamba Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka 22, aliuandika akiwa mfuasi wa chama hicho, kupinga jinsi serikali ya KANU ilivyouandama upinzani (kichwa chenyewe, ikumbukwe, ni swali), akafungwa miaka 3 kwa kosa la uchochezi. Lakini KPU ilipigwa marufuku Oktoba 1969. Tangu hapo hadi alipofunguliwa mwaka 1972 hapakuwa na chama cha kukitetea. Hata hivyo aliendelea kutunga, kwa siri, kwenye karatasi za msalani. Hali hiyo haina budi kuzingatiwa lisomwapo shairi la "N'shishiyelo ni lilo": kinachoshikiliwa humo ni kile ambacho nafsi imekwisha kukipima na kukiona kuwa kweli. Mwaka 1974 diwani iliyozikusanya tungo hizo za gerezani, Sauti ya Dhiki, ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.