Masalia ya Mdundo

Katika triathloni mshindani huogelea, huendesha baiskeli, kisha hukimbia, yote bila mapumziko. Masafa ya Olimpiki, tangu mchezo huu uingizwe Sydney mwaka 2000, ni kilomita 1.5, 40 na 10. Anaposhuka kwenye baiskeli, mwanariadha husema miguu imekuwa mizito. Kauli hiyo inataja uchovu tu. Lipo jambo jingine, ambalo hapa nitaliita masalia ya mdundo: mwendo wa pedali kuendelea kutawala hatua za mbio.

Mdundo si kasi. Waendeshaji wawili wanaweza kuongozana kwenye njia ya baiskeli ya barabara ya Outer Ring jijini Nairobi, mmoja kwa gia nzito akizungusha pedali mara 60 kwa dakika, mwenzake kwa gia nyepesi mara 90. Kasi yao ni moja, mdundo ni tofauti. Kwenye baiskeli tunahesabu mizunguko kamili. Katika mbio, hatua za miguu yote miwili. Kwa hiyo mizunguko 90 hulingana na hatua 180.

Mwaka 2002, watafiti Gottschall na Palmer waliwapima wanatriathloni 13 walioendesha baiskeli kwa dakika 30, kisha wakakimbia mita 3,200. Walipokuwa wamezungusha pedali upesi, walipiga hatua nyingi zaidi kwa dakika na kumaliza mapema, ilhali urefu wa hatua haukuongezeka. Inadhaniwa kwamba mitandao ya neva inayoratibu miguu haiachi mara moja mpangilio iliokuwa nao.

Ndiyo maana nimechagua masalia badala ya mazoea. Mazoea hujengwa kwa muda mrefu na hudumu. Masalia hubaki baada ya kitu chenyewe kuisha, nayo hupungua.

Mkazi wa Umoja au Donholm anaweza kujipima: amalize safari ya baiskeli kwenye uwanja wa Jacaranda, aanze kukimbia papo hapo, ahesabu mguu wa kulia unavyokanyaga kwa nusu dakika, kisha azidishe kwa 4. Siku nyingine abadilishe gia, alinganishe.

Hata hivyo asikimbilie gia nyepesi kila mara. Utafiti wa Vercruyssen na wenzake wa 2005 ulionyesha kwamba waliopunguza mdundo dakika za mwisho za baiskeli walistahimili mbio kwa muda mrefu zaidi. Masalia ya mdundo hueleza jinsi hatua zinavyopigwa, si muda ambao mkimbiaji atastahimili. Pumzi ina hesabu yake.