SALA YA SIKU AMBAYO MOYO UMEKATAA



Leo sihubiri. Nataka tusome historia kidogo, kwa sababu kuna swali ninaloulizwa mara nyingi, na karibu kila mara linaulizwa kwa sauti ya chini: "Pasta, nimeshindwa kuomba. Nikipiga magoti hakuna kinachotoka. Je, Mungu ameniacha?" Anayeuliza si mtu mgeni kanisani. Ni shemasi. Ni mama wa maombi ambaye wengine humpigia simu awaombee. Amelemewa na mawazo, halafu juu ya mzigo huo anajiongezea hatia, akidhani aliyeokoka hapaswi kuhisi hivyo.

Swali hilo ni kuukuu kuliko makanisa yetu yote. Wayahudi walikutana nalo mwaka 70, majeshi ya Warumi yalipoliteketeza Hekalu la Yerusalemu.

Jiweke mahali pao. Mwanakondoo mmoja asubuhi, mmoja jioni, kila siku, kama ilivyoamriwa katika Kutoka 29. Ukitenda dhambi unajua pa kwenda. Ukitaka kushukuru unajua cha kubeba. Kisha yote yanakuwa majivu, na ndugu zako wanauzwa utumwani. Sasa unaomba vipi, na unaomba ukiwa na moyo gani?

Walimu wao walikusanyika Yavneh, mji mdogo karibu na pwani. Mmoja wa viongozi wao hapo alikuwa Rabban Gamaliel, mjukuu wa yule Gamaliel aliyemfundisha Paulo. Kuomba kwa saa maalum halikuwa jambo jipya. Danieli aliomba mara tatu kwa siku madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu (Danieli 6:10). Petro na Yohana walipopanda hekaluni katika Matendo 3:1, ilikuwa saa tisa, saa ya kusali. Na hapa sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati, maana saa tisa ya Biblia ndiyo saa tisa yetu ya alasiri. Wazungu ndio wanaohitaji kuelezwa.

Kilichofanyika Yavneh ni kupanga. Sala ya kusimama, yenye baraka kumi na nane, iliwekwa katika utaratibu ili kila Myahudi aibebe popote atakapotupwa. Baadaye baraka moja iliongezwa, zikawa kumi na tisa, lakini hadi leo sala hiyo huitwa Kumi na Nane. Huombwa asubuhi, alasiri na jioni, miguu ikiwa pamoja, uso ukielekea Yerusalemu, kwa sauti ya chini ambayo ni masikio yako tu yanayoisikia.

Najua unachofikiria. "Pasta, hayo si maombi ya kukariri?" Ngoja. Wao wenyewe walibishana juu ya hilo, na ubishi wao umehifadhiwa katika Mishna, kitabu kilichokusanywa karibu mwaka 200. Gamaliel alisema kila mtu aombe zote kumi na nane kila siku. Yehoshua akasema muhtasari unatosha. Akiva akasema inategemea: kama sala inatiririka kinywani mwako, omba yote, na kama haitiririki, omba muhtasari. Kisha Eliezer akasema kwamba mtu anayeifanya sala yake kuwa zoea tu, hiyo si dua tena. (Eliezer angejisikia nyumbani kwenye kesha zetu.) Waliokusanya kitabu hawakumfuta hata mmoja. Sala ilipewa saa na maneno, na papo hapo ikapewa onyo kwamba moyo usiachwe nje.

Halafu angalia walivyomhurumia mtu aliyevunjika. Katika kitabu hichohicho imeandikwa kwamba wacha Mungu wa zamani walikaa kimya saa nzima kabla ya kuanza kuomba, ili mioyo yao itulie mbele za Baba. Anayepita mahali pa hatari amepewa sala fupi. Na aliyefiwa, ambaye maiti wake bado hajazikwa, ameondolewa kabisa wajibu wa sala. Soma tena hapo. Watu walioshika sala kuliko karibu taifa lolote walimwambia mfiwa: leo hudaiwi, nenda ukazike.

Na walipotafuta mfano wa namna ya kuomba, walimchagua Hana. Mwanamke tasa, anayelia, midomo inatikisika bila sauti, hata kuhani Eli akadhani amelewa (1 Samweli 1). Ile sauti ya chini ya Kumi na Nane imetoka kwake. Uchungu wa mama mmoja umekuwa kanuni ya sala ya taifa zima.

Sasa nikupeleke Misri, miaka elfu moja hivi baada ya Hekalu kuanguka.

Moses ben Maimon, maarufu kama Maimonides, alizaliwa Cordoba, Hispania, akakimbia mateso na jamaa yake, na mwishowe akakaa Fustat, karibu na Cairo. Alikuwa mwalimu mkubwa wa Torati na pia daktari. Mdogo wake, David, alikuwa mfanyabiashara wa vito, na biashara hiyo ndiyo iliyomwezesha kaka mtu kukaa na vitabu vyake. Barua moja ya David kwa kaka yake ipo hadi leo. Ilipatikana katika ghala la maandishi la sinagogi la Fustat, na sasa imehifadhiwa Cambridge. Aliiandika akiwa Aydhab, bandari ya Bahari ya Shamu, baada ya kuvuka jangwa kwa taabu. Hakupata bidhaa za kumfaa hapo, akaamua kuendelea hadi India. Alimsihi kaka yake asiwe na wasiwasi: aliyemwokoa jangwani atamwokoa baharini.

David alizama katika Bahari ya Hindi, bahari hiihii inayopiga kuta za Fort Jesus. Wasomi wengi wanaona kwamba ilikuwa safari hiyohiyo. Aliacha mjane na binti mdogo, na fedha za watu zikazama naye.

Maimonides alilala kitandani karibu mwaka mzima, kwa homa na kukata tamaa. Miaka minane baadaye alimwandikia rafiki kwamba bado anaomboleza na hajafarijika, na kila akiona mwandiko wa David moyo wake unapinduka. Huyo si Mkristo mchanga, mpendwa. Huyo ni mtu ambaye Wayahudi bado wanajifunza sheria za sala kutoka kitabu chake.

Na katika sheria hizo aliandika nini? Kwamba sala isiyo na moyo si sala. Kwamba mtu ambaye mawazo yake yamevurugika asisimame kuomba mpaka atulie, na anayetoka safarini akiwa amechoka au ana dhiki, walimu wa kale walimruhusu angoje hata siku tatu. Sidhani mtu anaandika hivyo bila kujua kitanda kinavyokuwa kizito asubuhi. Tena alikuwa daktari, na sala aliyoshika ina baraka nzima ya kuomba uponyaji. Hakuona ugomvi kati ya dawa na dua. Kwa hiyo kama usingizi umekukimbia kwa wiki kadhaa, nenda hospitali, na uombe ukiwa njiani.

Siku ya Sabato maombi yote ya katikati ya ile sala, ya afya, ya riziki, ya maadui, huondolewa. Zinabaki baraka saba tu. Sababu mojawapo waliyoitoa walimu ni hii: mwenye mgonjwa nyumbani akifika kwenye baraka ya uponyaji atamkumbuka mgonjwa wake na kuhuzunika, na Sabato haikutolewa kwa ajili ya huzuni. Sisi tunaosukuma hoja kwa Mungu siku saba kwa wiki, kwa sauti ya kupasua koo, je, moyo wetu hupumzika lini?

Upande wa matanga nao una la kutufundisha. Kwetu watu hujaa boma mpaka siku ya mazishi, kisha hema linashushwa na mjane anabaki na sufuria. Myahudi aliyefiwa na mzazi husema Kaddish kwa miezi kumi na mmoja, sala ambayo haitaji kifo hata mara moja, ni sifa tupu. Lakini haruhusiwi kuisema peke yake. Lazima wawepo watu wazima kumi. Kwa hiyo kila siku inambidi atoke nyumbani, na watu tisa lazima wamngoje. Hata pale Nairobi, kwenye sinagogi la kona ya University Way na Uhuru Highway unalolipita kwa matatu, kanuni ya watu kumi ni hiyohiyo.

Tunatofautiana nao juu ya Yesu, na sina nia ya kulificha hilo. Lakini yeye mwenyewe alikulia katika saa hizo za sala.

Ukitaka kuanza, anza na sala yao iliyo ndogo kabisa. Inaitwa Modeh Ani, na ilichapishwa katika kitabu cha Moshe ben Makhir mwaka 1599. Kwa Kiebrania ni maneno kumi na mawili tu, ya kumshukuru Mfalme aliye hai kwa kukurudishia roho yako asubuhi. Jina takatifu la Mungu halimo ndani yake. Kwa sababu hiyo unaweza kuisema kabla hujanawa mikono, nywele zikiwa timutimu, ukiwa bado umelala chini ya blanketi.