Romantasi: Fantasia ya Mapenzi na Mtihani wa Kitabu cha Pili

Romantasi ni utanzu wa riwaya pendwa unaochanganya mapenzi na fantasia. Jina hilo liliundwa katika Kiingereza kwa kuunganisha vipande vya majina ya tanzu hizo mbili, na mwaka 2024 lilikuwa miongoni mwa maneno yaliyoshindania heshima ya Neno la Mwaka la Oxford. Muungano huo hausemi ni utanzu upi unaotawala. Kiswahili, kinachotanguliza nomino kuu na kuifuatisha vifafanuzi vyake, hakiwezi kulikwepa swali hilo.

Tafsiri inayokuja haraka ni “riwaya ya mapenzi ya kifantasia”. Tatizo lake ni “ya” ya pili, inayoweza kurudi kwenye riwaya au kwenye mapenzi, na mapenzi ya kifantasia huweza kueleweka kuwa ni mapenzi ya kuwazia tu. “Njozi” ni neno zuri, lakini limeshikwa na ndoto na maono. Uhalisia wa kimazingaombwe, ambao wahakiki huutaja wanapojadili kazi kama Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ni jambo jingine: huko maajabu huingia katika ulimwengu tunaoujua, ilhali fantasia hujenga ulimwengu wake na sheria zake.

Istilahi inayofaa zaidi ni “fantasia ya mapenzi”, na kando yake “fantasia yenye mapenzi”. Katika ile ya kwanza mapenzi ndiyo mhimili. Yakiondolewa, hadithi huporomoka. Katika ya pili mapenzi yamo, lakini vita au laana ingeweza kufika mwisho wake bila hayo. Kitabu cha kwanza cha mfululizo mara nyingi hakitoshi kuonyesha tofauti hiyo. Cha pili ndicho hufichua, na anayeshtuka zaidi ni msomaji aliyetokea kwenye riwaya za mapenzi.

Msomaji huyo ana mazoea yake. Chama cha waandishi wa mapenzi cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1980, kiliweka masharti mawili ya utanzu: mapenzi yawe kiini cha hadithi, na mwisho uridhishe moyo na kuleta matumaini. Wapenzi wawili, kama wasemavyo watamba hadithi, wakae raha mustarehe. Hata mfululizo wa mapenzi hulinda ahadi hiyo. Julia Quinn aliwapa ndugu wanane wa ukoo wa Bridgerton kitabu kimoja kimoja: cha kwanza ni cha Daphne, cha pili ni cha kaka yake Anthony. Kitabu cha pili, kwa mazoea hayo, ni wapenzi wapya. Wa zamani hubaki salama katika ndoa yao.

A Court of Thorns and Roses ya Sarah J. Maas, iliyotoka mwaka 2015, inaanza kana kwamba inaufuata mkataba huo. Feyre, binti mwindaji, anachukuliwa na Tamlin hadi Prythian, nchi ya fae. (Msomaji wa Pwani angewaita majini, ingawa si viumbe walewale.) Wanapendana. Kwa ajili yake Feyre anashinda majaribu matatu, laana iliyomfunga Tamlin inavunjika, naye Feyre anakufa na kufufuliwa. Mwaka 2016, katika kitabu cha pili, A Court of Mist and Fury, raha hiyo inabomolewa kwa makusudi. Feyre anakonda kwa majinamizi. Tamlin, kwa hofu ya kumpoteza, anamfungia ndani ya nyumba. Anayemfungulia njia ni Rhysand, aliyeonekana mwovu katika kitabu cha kwanza.

Kwa kanuni za mapenzi huu ni usaliti: mpenzi aliyepiganiwa hadi kifo anaachwa. Lakini mwandishi hakuyapunguza mapenzi, aliyahamisha. Vita na adui yao, mfalme wa Hybern, vinakua, ila kinachousukuma ukurasa ni jinsi Feyre na Rhysand wanavyoaminiana kidogo kidogo. Sharti la kwanza linatimia zaidi hapa kuliko katika kitabu kilichotangulia, huku la pili likisubirishwa, kwa maana Feyre anamaliza kitabu akiwa jasusi katika nyumba ya Tamlin. Hiyo bado ni fantasia ya mapenzi, na pengine ndipo mfululizo ulipoanza kustahili jina hilo.

Rebecca Yarros alipita njia tofauti. Fourth Wing na Iron Flame zilitoka mwaka mmoja, 2023, na katika ya pili wapenzi ni walewale, Violet na Xaden. Wanatenganishwa na majukumu ya kijeshi na siri ambazo Xaden hajazisema. Majoka yao, ambayo ni mume na mke na hayastahimili kutengana kwa muda mrefu, ndiyo yanayowalazimisha kuonana. Hila hiyo ni ya busara, lakini kurasa nyingi zinakwenda kwa vita, mafunzo na ulinzi wa mipaka, na msomaji wa mapenzi huhisi kitabu kikiteleza kuelekea “yenye”.

Kwa hiyo jina hupewa mfululizo kwa tahadhari, na maelezo ya jalada hayana budi kutaja pia aina ya mwisho. “Mwisho wa raha mustarehe” huwafaa wapenzi waliokwisha kutulia. “Raha ya muda” huwafaa walio pamoja huku vita vikiendelea. Na kitabu kinachokatika katikati ya hatari, kama vingi vya pili vinavyofanya, kiandikwe kuwa kinaishia katika taharuki.