Shajara ya Marian: Chimbuko la Shujaa wa Kike katika Riwaya ya Taharuki

Hudhaniwa mara nyingi kwamba mwanamke shupavu wa riwaya za taharuki, yule afukuaye siri za ukoo huku kila mtu akimwona mwenda wazimu, ni zao la karne ya 20. Twaona sivyo. Alikwisha kutokea katika "The Woman in White" ya Mwingereza Wilkie Collins, iliyotolewa kwa mafungu katika gazeti la Charles Dickens tangu Novemba 1859 hadi Agosti 1860.

Hakuwa ndoto tupu. Sheria ya Uingereza ilimpa mume mali ya mkewe hadi ilipoanza kurekebishwa mwaka 1870. Na vyeti vya madaktari wawili, pamoja na ombi la jamaa, vilitosha kumfungia mtu katika nyumba ya vichaa. Mwaka 1858 Rosina Bulwer Lytton alifungiwa hivyo kwa matakwa ya mumewe, waziri wa makoloni, baada ya kumshutumu hadharani. Watu walipiga kelele, naye akatolewa baada ya majuma matatu hivi.

Katika riwaya, Percival Glyde atarithi pauni 20,000 mkewe Laura akifa bila mtoto. Mwanamke mwingine anayefanana naye anazikwa kwa jina la Laura, na Laura anafungiwa kwa jina la marehemu. Hata baba yake mdogo akataa kumtambua. Marian, dada yake kwa mama, ndiye anayemtambua na kumtorosha, akimhonga muuguzi kwa akiba yake mwenyewe.

Kabla ya hayo, usiku wa mvua, Marian alitambaa juu ya paa ili asikilize njama za Percival na rafikiye Fosco. Akalowa, akashikwa na homa, akaandika yote katika shajara mpaka kalamu ikamshinda. Kisha twakuta mwandiko wa Fosco: ameisoma shajara yote, tena anaisifu! Kwetu sisi, hapo pana kitisho kuliko kufuli zote za nyumba ile.

Siri zenyewe ni za vyeti. Percival alighushi kitabu cha ndoa cha kanisa kwa kuwa wazazi wake hawakuoana. Marehemu alifanana na Laura kwa kuwa baba yao ni mmoja. Lakini mwandishi hampi Marian kuzifichua: kazi hiyo apewa Walter, mpenzi wa Laura. Marian, aliyechorwa na sura mbaya, habakiziwi mume wala mali. Ukurasani mwa mwisho Walter asema amwachia Marian aimalize hadithi. Kalamu, hata hivyo, ingali mkononi mwa Walter.