Vifaa vya kupiga mbizi: Mkazi wa Mbeya na Iringa aanze na kipi?

KUPIGA mbizi kwa mtungi wa hewa ni shughuli inayohusishwa zaidi na Zanzibar, Pemba na Mafia kuliko miji ya Nyanda za Juu Kusini. Hata hivyo, mkazi wa Mbeya ana Ziwa Nyasa chini ya milima yake, na mkazi wa Iringa huweza kuifikia Bahari ya Hindi kwa safari ya siku moja ya barabara.

Ziwa Nyasa lina kina kinachofikia mita 700 hivi na mamia ya aina za samaki, ambao wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Katika ufukwe wa Matema, wilayani Kyela, Milima ya Livingstone huteremka hadi majini, na kwenye miamba yake huishi samaki wadogo wa rangi nyingi wajulikanao kama mbuna. Hadi mwaka 2012 hata Mkoa wa Iringa ulifika ziwani kupitia Ludewa, wilaya ambayo sasa iko katika Mkoa wa Njombe.

Anayeanza hukabiliwa na maswali mawili: anunue nini, na anunue kwa mpangilio gani. Vifaa hivi ni ghali, haviuzwi katika maduka ya kawaida, na miongozo mingi imeandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi usawa wa bahari. Mkazi wa nyanda za juu hutoka majini akapanda mlima kurudi nyumbani, na jambo hilo hubadili thamani ya kila kifaa atakachochagua.

Mafunzo kabla ya manunuzi

Hakuna kifaa kinachochukua nafasi ya mafunzo. Cheti cha kwanza kinachotolewa na vyama vingi vya kimataifa humruhusu mwenye nacho kufika kina cha mita 18, akiwa na mwenzake. Kabla ya kujiandikisha ni vema kumwona daktari, hasa kwa mwenye pumu, kifafa, maradhi ya moyo au matatizo ya masikio.

Wakati wa mafunzo mwanafunzi hutumia vifaa vya kukodi. Hicho ndicho kipindi bora cha kujifunza ni jaketi la aina gani linamkaa vizuri na ni mapezi gani yanamchosha, kabla hajatoa fedha yake.

Miwani, mrija na mapezi

Kifaa cha kwanza kununua ni miwani ya kuzamia, kwa sababu nyuso za watu hazifanani. Ili kuipima, mtu huiweka usoni bila kufunga mkanda, akavuta hewa kidogo kwa pua na kuachia mikono. Ikibaki usoni bila kushikwa, imemfaa. Ikianguka, itavujisha maji hata kama ina bei kubwa.

Miwani hiyo lazima ifunike na pua. Miwani midogo ya kuogelea inayofunika macho peke yake haifai, kwa kuwa mpiga mbizi hawezi kuipulizia hewa kwa pua ili kusawazisha mgandamizo, na macho huweza kuumia. Kioo kiwe kile kilichoimarishwa kwa joto, na ukingo wake uwe wa silikoni laini. Mrija wa kupumulia ukiwa juu ya maji ni wa bei nafuu, na ulio rahisi hutosha.

Mapezi ya miguuni ni ya aina mbili. Yapo yanayovaliwa kama kiatu, mguu ukiwa mtupu, na yapo yenye mkanda wa kisigino yanayovaliwa juu ya viatu vya mpira. Kwa ufukwe wenye mawe kama sehemu za Matema, aina ya pili inafaa zaidi, kwani mpiga mbizi hutembea hadi majini bila kuumia nyayo.

Suti ya mpira na uzito

Maji ya juu ya Ziwa Nyasa huwa kati ya nyuzi joto 24 na 29 kulingana na msimu. Ingawa ni maji ya uvuguvugu, mwili hupoteza joto haraka zaidi ndani ya maji kuliko hewani. Suti ya unene wa milimita 3 huwatosha wengi, na ya milimita 5 huwafaa wanaohisi baridi upesi au wanaozama mara kadhaa kwa siku. Suti ibane mwili bila kuzuia pumzi.

Suti humwelesha mtu, kwa hiyo huhitaji vipande vya risasi kiunoni ili azame. Hapa ndipo wengi hukosea wanapotoka baharini kwenda ziwani. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji ya ziwa kwa takriban asilimia 2.5. Mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 100 atahitaji risasi pungufu ya kilo 2 na nusu hivi akiwa Matema kuliko akiwa Mafia. Akibeba uzito uleule wa baharini, atazama kwa kasi asiyoitarajia.

Mkanda wa risasi uwe na kifungo kinachofunguka kwa mkono mmoja, ili uweze kutupwa haraka wakati wa hatari.

Jaketi la hewa na regyuleta

Jaketi la hewa hubeba mtungi na kumwezesha mpiga mbizi kuelea, kusimama katikati ya maji au kushuka. Lijaribiwe likiwa juu ya suti, lisipande hadi kidevuni linapojazwa hewa. La mitumba lijazwe na kuachwa kwa saa kadhaa: likinywea, linavuja.

Regyuleta hupunguza mgandamizo wa hewa ya mtungi hadi kiwango kinachovutika kwa mdomo. Chombo hicho katika umbo linalofahamika leo kilitengenezwa mwaka 1943 na Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan. Iliyo kamili huwa na kinywa cha akiba kwa ajili ya mwenzako na geji ya kuonyesha hewa iliyobaki.

Kwa maji ya joto ya Afrika Mashariki si lazima kununua regyuleta iliyoundwa kwa ajili ya maji ya barafu. La msingi ni kujua itafanyiwa matengenezo wapi, kwa kuwa watengenezaji wengi hutaka ikaguliwe kila mwaka au kila baada ya miaka miwili. Iliyotumika isiyo na kumbukumbu za matengenezo ihesabiwe kuwa mbovu mpaka fundi mwenye ujuzi aifungue. Pia mnunuzi aulize kama inafungwa kwenye mtungi kwa kibano au kwa skrubu ya aina ya DIN, maana aina hizo hazikubaliani bila kipande cha kuunganisha.

Mtungi ni wa kukodi

Mtungi ndicho kifaa cha mwisho kununua, na wengi hawana haja nacho. Ni mzito, huhitaji kukaguliwa ndani kila mwaka na kupimwa kwa mgandamizo wa maji kila baada ya miaka michache, na hauna maana pasipo na kompresa ya hewa safi.

Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 hubeba lita 2,400 za hewa. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa nchi kavu atatumia lita 60 kwa dakika kwenye kina cha mita 20. Akiacha bar 50 za akiba, anabakiwa na dakika 30 tu.

Mtungi usijazwe kamwe kwa kompresa ya kupulizia matairi au rangi, ambayo huweza kuingiza mvuke wa mafuta na hewa yenye sumu ya kaboni monoksidi. Vilevile mitungi ya oksijeni ya mafundi wa kuchomelea si ya kupigia mbizi. Oksijeni tupu huwa sumu kwa mwili inapovutwa chini ya kina cha mita 6 hivi, na huweza kuleta degedege majini.

Kompyuta, na safari ya kurudi mlimani

Fedha inayookolewa kwa kutonunua mtungi iende kwenye kompyuta ya kuzamia, ambayo huvaliwa mkononi kama saa. Hupima kina na muda, kisha hukadiria naitrojeni iliyoingia mwilini. Mtu akipanda upesi kutoka kwenye mgandamizo mkubwa kwenda mdogo, naitrojeni hiyo hutoka kwa mapovu yanayoweza kuleta maumivu ya viungo, kupooza au kifo.

Miongozo ya kimataifa huhesabu maji yaliyo zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari kuwa ya mwinuko, yanayohitaji hesabu tofauti. Uso wa Ziwa Nyasa uko kwenye mita 474 hivi. Ziwa Masoko wilayani Rungwe, lenye masimulizi ya mali zilizotupwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, liko mita 840 hivi. Kwa hiyo kompyuta ya mkazi wa Mbeya iwe na uwezo wa kutambua mwinuko na kuchagua kati ya maji ya chumvi na yasiyo ya chumvi.

Lililo zito zaidi ni barabara. Kutoka Matema hadi jiji la Mbeya, lililo mita 1,700 hivi, gari hupita Tukuyu na kuvuka Milima ya Uporoto kwa zaidi ya mita 2,000. Kwa mwili uliotoka majini, safari hiyo ni sawa na kupanda ndege.

Mapendekezo ya wataalamu yaliyotolewa mwaka 2002 ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja wa kawaida, na saa 18 baada ya mizamo mingi au ya siku kadhaa. Waliozama kwa kiwango kinacholazimu vituo vya kusubiri wakati wa kupanda husubiri zaidi ya hapo. Aliyezama Jumamosi na Jumapili, akatoka majini saa nne asubuhi, asianze safari ya mlimani kabla ya saa kumi alfajiri ya Jumatatu. Kanuni hiyo humhusu pia anayetoka Mafia au Dar es Salaam kwenda Iringa kupitia Kitonga, awe kwa basi au kwa gari dogo.

Vyumba vya mgandamizo vya kutibu maradhi hayo ni vichache Afrika Mashariki na viko mbali na Mbeya. Mwenye maumivu, ganzi au kizunguzungu baada ya kuzama asiendelee kupanda mlima. Apewe oksijeni na kufikishwa kwa daktari mara moja.

Tahadhari nyingine za ziwani

Suti hupunguza lakini haizuii kabisa kichocho, hivyo aliyezama Ziwa Nyasa apime afya wiki kadhaa baadaye, maana kipimo cha mapema mno huweza kisionyeshe maambukizi. Midomo ya mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo iepukwe kwa sababu ya mamba na maji ya tope. Boya la rangi ya machungwa na filimbi, vifaa vya bei ndogo, humsaidia mwenye mtumbwi kumwona mpiga mbizi anapoibuka.

Kwa muhtasari, anayeanza anunue miwani, mapezi na viatu vyake. Kisha kompyuta na suti. Halafu regyuleta na jaketi akiwa na uhakika kwamba ataendelea. Mtungi na risasi akodi. Na katika bajeti yake aweke gharama ya kulala usiku mmoja zaidi ufukweni, kwa sababu ndiyo inayompa mwili muda wa kutoa naitrojeni kabla ya safari ya kupanda.